Sista Aliyejifunza Kusema Nasi

Sista alipohamishiwa kwetu Mjambere kuwa muuguzi wa zahanati, neno lake la kwanza kwa nyanya yangu lilikuwa kama tusi. Hakulikusudia. Nyanya alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mkono tumboni, buibui limekaa sawasawa, na wanawake wengine wamejaa kulia na kushoto kwake. Sista akatoka na kadi mkononi, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwenye bomba la maji:

"Mama, umekunya leo?"

Benchi zima likageuka kumtazama. Huko bara alikotoka pengine neno hilo halina ubaya, lakini kwetu mtu mzima haulizwi hivyo, tena mbele za watu. Nyanya alimtazama kwa utulivu kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wanaokunya ni mbuzi, mwanangu," akasema. "Mimi nnakwenda haja. Na sijenda, leo siku ya tatu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaanguka benchini. Mimi niliyemsindikiza nyanya nilitamani ardhi inimeze, kwa aibu ya yule mgeni. Lakini Sista hakucheka wala hakununa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya nyanya magoti yakigusana, akashusha sauti. "Nisamehe, mama. Sijui maneno ya huku. Nifundishe."

Nyanya hakuwa mtu wa kulainika upesi. Alitengeneza buibui lake, kisha akasema, "Ndoo Alhamisi, baada ya alasiri. Na usije na haraka."

Alikuja. Akaja na Alhamisi iliyofuata, na nyingine, kwa miaka. Alikuwa na daftari la mistari la watoto wa shule, na mle ndani aliandika alichoambiwa na nyanya. Kwamba mwanamke haambiwi ana mimba mbele ya watu, huambiwa ni mja mzito. Kwamba ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unaondoka, hata kama unasikia sufuria zikigongana ndani. Kwamba mzee haulizwi umri mbele ya wakweze. Nyanya alisomesha kama mwalimu wa chuoni, neno moja likikosewa hulirudia mara nne. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, basi nikawa mpika chai wa darasa hilo. Sista alitia sukari vijiko vitano. Asubuhi alikuwa ametoka kuwaambia wagonjwa wa kisukari waiache kabisa. Nilipomtazama, alisema, "Mimi nawaambia wanachopaswa kufanya. Sikuwaambia wanitazame mimi."

Ndivyo nilivyomjua, na ndivyo alivyonijua. Mwaka uliofuata alinichukua niwe mmoja wa wahudumu wa afya wa mtaa, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kaacha dawa. Watu wengi wakisikia nikimsifu Sista hudhani alikuwa mpole. Hakuwa. Kwa wagonjwa alikuwa mpole, kwetu sisi alikuwa moto. Ukichelewa dakika tano ulimkuta amesimama getini anatazama saa. Hakupenda kukosolewa kazi yake hata kidogo. Ukimwambia amekosea hesabu ya vidonge alihesabu upya kimyakimya, na ikiwa kweli alikosea hakusema na wewe mpaka kesho yake. Kwa lugha alikubali kukosolewa na mtoto wa miaka sita. Kwa vidonge, hakukubali hata kwa daktari.

Siku moja tulikwenda naye kwa ajuza mmoja aliyekuwa akilalamika kuumwa. Ajuza akaanza maelezo yake marefu: alivyoamka, alivyokaa, jua lilivyokuwa, kichwa kilivyoanza kumgonga. Mimi nilikuwa na nyumba saba nyingine za kupita. Nikamkata, "Kwa hivyo ni kichwa, nyanya. Tutakupa dawa ya kichwa."

Sista akaniambia nitoke nje. Hivyo tu, kama unavyomwambia kuku. Nilisimama uani nimeshika daftari, machozi yananilenga, nikasikia kila kitu kupitia dirishani. Ajuza alipoachwa amalize, alieleza kwamba kichwa kilimwanza tangu alipoacha kula chakula cha mchana, na aliacha ili wajukuu wake watatu washibe. Hakuna kidonge cha hilo. Sista alikaa naye saa nzima, na kabla ya jua kutua alikuwa amezungumza na majirani wawili na kina mama wa kanisani kwake, na tangu siku hiyo sahani ya ajuza ilikuwa inatoka nyumba hii au ile.

Njiani kurudi aliniambia neno moja tu: "Usimmalizie mgonjwa maneno yake." Nilikasirika siku mbili. Sijawahi kulisahau.

Alikuwa Mkristo, tena wa kanisani hasa, mwenye sauti nene ya kwaya ambayo ilitoka nje ya wimbo kila mara na hakuna aliyethubutu kumwambia. Lakini alijua nyakati za swala kuliko vijana wengi wa mtaani. Alijua asipange mkutano Ijumaa mchana. Alijua aanze salamu na nani barazani, na akipita mzee akamwambia "Sista, hujambo?" alisimama, akageuka mzima, akajibu, akauliza ya nyumbani. Kwa hiyo kutoka zahanati mpaka dukani, mwendo wa dakika tatu, yeye alichukua nusu saa. Nilimwona ni mtu wa kupoteza wakati. Mpaka korona ilipokuja.

Ilipokuja, kitu cha kwanza kilichotufikia kilikuwa gari lenye kipaza sauti. Lilipita polepole katika njia kubwa, sauti ya mwanamume iliyorekodiwa ikirudia: "Dumisheni utengano wa kijamii. Epukeni mikusanyiko isiyo ya lazima." Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya njia akaniuliza, kijiko hewani, "Utengano? Nani kaachwa?"

Nilimpelekea Sista kichekesho hicho, nikidhani atacheka. Alicheka kweli. "Basi gari limepita Mjambere nzima na halijasema kitu," akasema. Kesho yake alitukusanya wahudumu wote, akatukalisha mbalimbali, akatuuliza tungemwambiaje mama wa viazi. Tulihangaika. Mmoja alisema mita moja na nusu, Sista akamwuliza yeye, huyo mama wa viazi ataipata wapi mita. Mwishowe nyanya, niliyemsimulia nyumbani, ndiye aliyesema, "Waambieni mkeka wa kuswalia. Baina yako na mwenzio uweze kutandika mkeka mmoja kwa urefu." Sista aliliandika daftarini na kuanzia siku hiyo tulitembea na maneno hayo. Kwa wapangaji waliotoka bara alisema hatua mbili kubwa. Kwa vijana wa kituo cha tuktuk hakusema kabisa. Alimfundisha dereva mmoja mwenye maneno, akamwachia awaambie wenzake kwa lugha yao, yeye akasimama pembeni kama aliyekuja kusubiri gari.

Zilikuja pia fomu. Fomu iliuliza: una shida ya kupumua? Wazee wote wakajibu hawana. Sista akatuita tena. "Ukimwuliza mzee ana shida ya kupumua, atakwambia hana, kwa sababu anapumua. Mwulizeni: watweta? Ukienda msalani na kurudi, pumzi zakukata?" Maneno hayo yalitoka katika zile Alhamisi za nyanya. Tulirudi nyumba zilezile tulizokwisha kuandika kwamba hakuna mgonjwa, tukapata wagonjwa wanne.

Na palikuwa na uvumi, wallahi uvumi ulikuwa mwingi kuliko ugonjwa wenyewe. Ukipelekwa karantini hurudi. Ni maradhi ya watu wa ndege, sisi hayatuhusu. Kile kijiti cha kupimia kinaingizwa puani mpaka kwenye ubongo na ukitoka hapo huwi mtu tena. Wakubwa wa afya walimwambia Sista akautokomeze uvumi. Yeye kila alipokaa na watu, uani au chini ya turubai la muuza kahawa, alianza na swali moja: "Mmesikia nini?" Na hakucheka. Hilo ndilo nililoliona gumu zaidi kuiga. Mtu alisema jambo la ajabu kabisa na Sista alitikisa kichwa kwa heshima, akamwuliza alilisikia wapi, kisha akajibu moja moja: hili najua si kweli, hili ni nusu kweli, hili mimi sijui, nikijua nitarudi.

"Hujui?" muuza kahawa alimwuliza siku moja. "Na wewe ndiye sista!"

"Ugonjwa huu mgeni, baba. Hata mimi ndiyo kwanza tunajuana nao."

Muuza kahawa huyo ndiye aliyeshikilia ile habari ya kijiti na ubongo. Sista hakubishana naye. Asubuhi iliyofuata alimwita mwenzake wa maabara, akakaa kwenye kiti mbele ya turubai lile, watu wamesimama mkeka mmoja mmoja, akainua uso na kijiti kikaingia. Alipiga chafya mara tatu, machozi yakamtoka, kamasi ikamshuka, mtu mzima yule. Alijifuta bila haraka. Watoto walicheka.

"Inauma?" muuza kahawa akauliza.

"Inawasha vibaya," Sista akasema. "Mtakaopimwa mtalia. Lakini jina langu nalikumbuka, na lako nalikumbuka, na kahawa yako ya jana ilikuwa na tangawizi nyingi."

Siku hiyo walipimwa watu wengi. Muuza kahawa alipimwa wa mwisho, akaapa kwamba hakulia.

Sasa nifike kwa Maalim.

Maalim alikuwa mwalimu wa madrasa yetu, mtu aliyewasomesha baba zetu na kisha sisi. Alipoanza kukohoa, mkewe alificha siku tano kwa kuogopa karantini. Siku ya sita alimtuma binti yake kwangu, nami nikamkimbilia Sista. Tulimkuta Maalim amekaa kitandani ameshika goti, hawezi kumaliza neno moja bila kuvuta pumzi. Sista alipiga simu kuomba gari la wagonjwa.

Gari lilikuja king'ora kinalia. Wakashuka watu watatu waliokwisha kuvaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima, miwani mikubwa, nyuso hazionekani. Kufumba na kufumbua njia ilijaa. Vijana walisukuma mkokoteni wa maji wakaulaza njiani, mmoja akaokota jiwe, kisha wengi wakaokota. "Mwalimu wetu haendi!" walipiga kelele. "Mnampeleka kumwua!" Mimi nilijibanza ukutani. Sijawahi kuogopa watu wa mtaani kwangu ila siku ile.

Sista alipita katikati ya mawe, polepole kama kawaida yake, akaenda kwa wale watu watatu. Nilimsikia vizuri.

"Vueni."

"Sista, huwezi kutuambia hivyo," mmoja akajibu kutoka ndani ya barakoa. Alikuwa daktari kijana, mkuu wa kikosi. "Kuna utaratibu. Tunavaa kabla ya kushuka."

"Hapa hamjamgusa mtu bado. Rudini mpaka kwenye gari, vueni, mkizime hicho king'ora. Halafu mje na nyuso zenu, mseme majina yenu, mvae hapa mbele ya watu. Wataona kwamba ndani ya hizo nguo kuna watoto wa watu."

"Tunachelewa. Mgonjwa anaweza kutufia."

"Kwa mawe haya hamfiki mlangoni kabisa," Sista akasema.

Walirudi. Walivua. Kijana yule daktari alikuwa na uso wa mtoto na jasho jingi. Alisimama mbele ya ule mkokoteni akasema jina lake na kwao, na mzee mmoja akasema anamjua mamake, wanakaa Ziwa la Ng'ombe. Jiwe moja likaanguka chini, kisha jingine. Wakavaa upya taratibu, mkono kwa mkono, Sista akieleza kila kitu kinachovaliwa na kwa nini. Vijana walewale ndio walioinua mkokoteni.

Maalim alipotolewa mlangoni, mkewe alimshika Sista kanzu. "Sista, atarudi?"

Sista alikuwa amechoka, gari linanguruma, watu wanamtazama. Akamshika mama yule mabega. "Atarudi. Nakuahidi."

Maalim alifariki siku ya nne.

Mpaka leo nikiwasimulia watu kuhusu Sista husimulia ule mkokoteni na mawe, nao hufurahi. Yeye mwenyewe hakuusimulia kamwe. Kwake siku ile ilikuwa siku ya neno moja alilolisema mlangoni.

Alikataa familia iambiwe kwa simu. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, mimi nyuma yake. Mke wa Maalim aliona tu alivyoingia, akajua. Hakulia mwanzoni. Alisema, "Uliniahidi," akageukia ukutani, na hakumgeukia tena. Sista alibaki amekaa mkekani mpaka wanawake wengine walipojaa, kisha akaondoka bila kuaga kwa kuwa hapakuwa na wa kumuaga.

Siku hiyohiyo alianza kupigania mazishi. Amri ilikuwa mwili uzikwe haraka na watu wa kikosi peke yao, bila kuoshwa. Alizungumza na imamu, akazungumza na wakubwa wake, akarudi kwa imamu. Imamu alieleza kwamba penye dharura maiti hutayamamiwa badala ya kuoshwa, juu ya kifuniko, kwa mchanga safi, wala haki yake haipotei. Wakubwa wakakubali watoto wawili wa Maalim wavalishwe zile nguo na wafanye wao wenyewe. Aliyewavalisha ni Sista. Alimfunga mdogo kamba za kiunoni kama anayemvalisha kwenda shule, na kijana alikuwa na ndevu tayari. Watu walisali mbalimbali uwanjani, mkeka baina ya mtu na mtu. Maalim alizikwa na watoto wake.

Hilo halikumtosha. Siku chache baadaye alituambia kwamba atasimama mbele ya watu na kukiri. Msimamizi wake alimkataza. Alisema watu watapoteza imani na huduma nzima. Na mimi nilimkataza, nikamwambia maneno yaleyale. Alitusikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasimama nje ya zahanati, watu wakiwa wamekuja kuchukua sabuni.

"Nilimwambia mke wa Maalim kwamba mumewe atarudi," akasema. "Sikujua kama atarudi. Nilisema kwa sababu nilitaka gari liondoke. Hilo lilikuwa kosa langu."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Kwa hivyo mwatudanganya!"

"Mimi nilidanganya. Siku ile, kwa neno lile. Wenzangu msiwatie humo."

Watu waliondoka na sabuni zao. Kwa wiki mbili benchi la zahanati lilikuwa tupu, na mimi nilimlaumu moyoni. Nilikuwa nikipiga hodi nyumba ninazozijua tangu utotoni, najibiwa kutoka ndani kwamba wote wazima. Msimamizi akawa anapita kila siku kutazama ule utupu kana kwamba ndiye aliyeubashiri.

Sista alitaka kwenda kumwomba radhi mjane. Nyanya alimzuia. Ilikuwa Alhamisi, chai inapoa kati yao, na sikuwahi kumsikia nyanya akisema naye kwa ukali namna ile.

"Yu katika eda ya mumewe. Mwache akae eda yake. Wewe wataka akusamehe upate usingizi. Usingizi wako si kazi yake."

Sista aliinamisha kichwa. Hakuandika chochote daftarini siku hiyo.

Kidogo kidogo benchi lilijaa tena. Sijui kwa nini hasa. Hakuna mtu aliyetangaza kwamba amemsamehe. Mama mmoja alimleta mumewe akiwa bado ana nguvu za kutembea, kisha mwingine akamleta babake. Walikuwa wakija mapema kuliko zamani. Nilimwuliza mama wa viazi kwa nini, akasema, "Huyu akikosea husema. Wengine utajuaje?"

Eda ilikwisha, na miezi ikapita. Mke wa Maalim alipokutana na Sista njiani alijibu salamu, basi. Kisha ikaja chanjo, na uvumi ukaanza upya: inafunga kizazi, wameileta kutupunguza. Siku ya kwanza tulitandika meza uwanjani na hakuja mtu. Tulikaa mpaka adhuhuri tunatazamana. Ndipo mke wa Maalim alipotokea kwenye njia, na binti yake nyuma, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Sista.

"Sindano hii," akasema, "wajua nini juu yake, na hujui nini?"

Sista alisimama. Alimwambia anachokijua: kwamba inapunguza ugonjwa usimlaze mtu, kwamba mkono utauma na homa itakuja siku moja au mbili. Akamwambia asichokijua: kwamba hawezi kusema itamkinga kwa muda gani, wala hawezi kusema kwamba hatapata ugonjwa kabisa. Alisema polepole, kwa Kiswahili safi cha kwetu.

Mke wa Maalim alimsikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia hivyo siku ile," akasema, "bado ningemwacha aende."

"Najua sasa," Sista akajibu.

Yule mama akaketi, akapandisha mkono wa buibui. Sista ndiye aliyemdunga. Walipomaliza, hakuna aliyemkumbatia mwenzie. Kwetu mambo hayaishi hivyo. Lakini alasiri ile meza yetu ilikuwa na foleni, na binti wa Maalim ndiye aliyekuwa akiwapanga watu.

Sista alistaafu baadaye, nyanya akiwa amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Siku ya mazishi ya nyanya alikaa na wanawake wa nyumbani tangu asubuhi, akapokea wageni kwa maneno yote yanayostahili, na shangazi yangu mmoja kutoka Likoni aliniuliza huyu ni wa upande gani wa ukoo. Kisha akahamia Port Reitz, kwenye nyumba ya mdogo wake. Tulikuwa tukipigiana simu, mwanzoni mara kwa mara, halafu sikukuu kwa sikukuu. Mimi nilikwisha kuwa msimamizi wa wahudumu, na kazi hiyo inakula siku.

Mwaka jana nilikuwa na shughuli upande wa Changamwe, nikaona nipitie bila kumwambia. Alifurahi mno. Alikuwa amepungua, nguo zimemzidi, lakini mdomo uleule. Alianza kunihoji: nani kazaa, nani kaoa, benchi limetengenezwa au bado. Nikaona anamimina chai kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameubana ubavuni. Nikamwuliza. Akasema ni baridi ya usiku.

Sikumbishia. Nilikunywa chai nusu kikombe, yeye akazungumza, nikaacha azungumze. Alifika mwisho wa habari zote za Mjambere, akaanza habari za majirani, zikaisha nazo. Kisha akatazama mlango, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Nina uvimbe titini, mwanangu. Tangu kabla ya Pasaka."

Ilikuwa Septemba. Yeye aliyewapeleka mamia ya wanawake kupimwa, aliyewafundisha kwa mkono wake mwenyewe namna ya kujikagua, alikaa na kitu hicho miezi mitano bila kumwambia hata mdogo wake anayelala chumba cha pili.

"Kwa nini, Sista?"

"Naogopa," akasema. "Najua mno. Kila hatua naijua. Nani atanieleza mimi?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilikuwa nimesomeshwa naye miaka yote hiyo, na maneno yote yaliyonijia niliyaona ni yake. Nikamshika ule mkono aliokuwa ameubana, nikamwambia Jumanne asubuhi nitakuja tuende pamoja. Akasema Jumanne ana kwaya. Nikamwambia kwaya itafurahi. Alicheka mpaka akashika ubavu, na ndipo nilipojua kumbe aliijua sauti yake siku zote.

Amefanyiwa upasuaji tangu hapo, na sasa yuko kwenye dawa. Nywele zimeanza kurudi. Siku nyingine ana nguvu, siku nyingine hapokei simu, na mdogo wake huniambia niache nipige kesho.

Lakini ile Jumanne tulifika hospitalini mapema, amevaa gauni la kanisani, viatu vimepakwa rangi. Alisimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, ingawa wauguzi wawili walimtambua wakataka kumpitisha mbele, naye akawakatalia. Tulipofika dirishani, karani kijana alikuwa akiandika bila kuinua macho. Aliuliza jina, akatajiwa. Akauliza mtaa, akatajiwa.

"Kazi?"

Nilimwona Sista akitazama ule ukumbi, meza, kanzu nyeupe zikipita, mahali kama pale alipotumia maisha yake yote upande wa pili wa dirisha. Karani aliinua uso.

"Mama, kazi?"

"Leo," Sista akasema, "andika mgonjwa."